Ukurasa wa nahodha: shajara ya mradi, Lamu

Mradi ni kumfungulia ami yangu, nahodha wa jahazi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, ukurasa wa Instagram na WhatsApp ya biashara. Masharti ni mawili: mgeni amwamini kabla hajamwona, na yeye mwenyewe asiuonee haya mbele ya wenzake wa jetini. La kwanza nililidhani gumu. La pili ndilo lililotutoa jasho.

Naandika ili kijana mwingine wa Amu, Shela au Malindi mwenye mzee wa kazi ya mikono asianzie sifuri. Kufungua akaunti, kuunganisha nambari ya simu na mengine ya kawaida nimeyaruka. Bei zote ni za shilingi za Kenya.

3 Juni 2025: Tulipoanzia

Kusi, upepo wa kutoka kusini, limeshika, wageni ni wa kuhesabu, jahazi linapiga nanga tu. Ndio wakati wa kazi kama hizi.

Wageni wengi wa ami huletwa na madalali. Bichiboi anamdaka mgeni akishuka tu boti ya uwanja wa ndege ulioko kisiwa cha Manda, anamuuzia safari kwa bei aipendayo, na nahodha anaishia kupata kilichosalia. Tunataka mgeni amfikie nahodha moja kwa moja. Ami hakukataa, ila alinitupia methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwamba chema hujiuza pale mnunuzi anapokiona, na mgeni aliyeko Nairobi au Ujerumani haioni jeti yetu, anaona simu. Akanyamaza. Sikumshinda, alinivumilia tu, na methali yake imerudi kila tulipokwama.

Kujipa jina mbele ya wageni si jambo jipya. Mwaka 1997 Mmarekani Tom Peters aliandika katika jarida la Fast Company kwamba kila mtu ajichukulie kama chapa ya biashara, na huko likaonekana wazo geni. Hapa mwambao mabaharia walikuwa wakijiita Kapteni huyu na Kapteni yule ili mgeni asiwasahau, kabla ya Instagram kuzaliwa mwaka 2010. Lakini jina la jetini lilikuja na mwenyewe: mgeni alisikia jina na kuona uso papo hapo. Siku hizi kati ya ahadi na kukutana hupita wiki, pengine miezi, na uongo huingia humo katikati.

21 Juni: Wafuasi 9,000

Ami alikuwa na ukurasa wa zamani aliofunguliwa na kijana mmoja wa mtaani. Wafuasi 9,000 na ushei, na kila picha ikipata laiki kumi na kitu. Hapo huhitaji mpelelezi. Nilifungua sehemu ya takwimu inayoonyesha wafuasi wanatoka miji gani: karibu wote walitoka kusikowahi kutuletea mgeni, majina yao herufi na tarakimu zilizochanganywa, kurasa zao tupu. Wa kununuliwa.

Tulijaribu kuwatoa mmoja mmoja. Inawezekana, ila ukienda mbio programu inakuona wewe ndiye roboti na kukufungia kwa muda. Tukaacha.

Madhara ya wafuasi hawa si aibu peke yake. Programu hupanga nini kionekane na nani kwa kukisia atakayekiangalia, kukigusa, kukituma kwa mwenzake. Akaunti za bandia hazifanyi lolote kati ya hayo, kwa hiyo kila unachoweka kinaonekana kama kimewachosha watu 9,000. Tena idadi yenyewe haina dhamana: Desemba 2014 Instagram ilifagia akaunti za bandia hadi watu mashuhuri wakapungukiwa na mamilioni ya wafuasi. Marekani nako tume ya biashara, FTC, ilipitisha kanuni Agosti 2024 inayopiga marufuku kuuza na kununua wafuasi wa bandia kwa ajili ya biashara, pamoja na maoni ya wateja wa uongo.

Tumeuacha ukurasa huo na kuanza mpya. Yule kijana alipinga: nani atapanda jahazi la nahodha mwenye wafuasi arubaini? Hoja yake ina uzito, na sikuipuuza. Badala ya idadi tukaweka vitu ambavyo mtu anaweza kuvikagua: picha ya leseni ya jahazi kutoka KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, tukiziba taarifa za binafsi, maboya ya kuvaa yakiwa yamepangwa sitahani, na bei ya kila safari bila "njoo tuzungumze". Kuweka bei hadharani kuliwaudhi madalali wawili watatu. Bado imo.

Gharama: 0, ukitoa kiburi cha kijana.

12 Julai: Maneno ya nani?

Hapa ndipo fedha na muda mwingi ulipopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wasifu wa kwanza niliuomba kwa programu ya akili mnemba (AI). Ukatoka mzuri mno, kwa Kiingereza cha kuteleza: mwana wa bahari, mrithi wa hekima ya mababu, roho ya Uswahilini inayokungoja machweo. Ukisoma kurasa za watembeza wageni kutoka Lamu hadi Zanzibar utawakuta wana wa bahari wengi, roho zao zote zinangoja machweo. Nikamtafsiria ami. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitazama picha yake iliyokuwa juu ya maandishi, akasema kwa Kiamu: "Mato (macho) ni yangu. Maneno si yangu."

Tukauacha vilevile, kwa kuwa ulipendeza. Ukaleta wageni: mke na mume waliotaka kuzunguka mkondo wa Amu na Manda, ambako hata kusi likivuma kuna kinga. Walizungumza na "nahodha" kwenye WhatsApp kwa siku nyingi. Aliyekuwa akijibu ni mimi. Nilitania, nikaulizia watoto wao, nikawaeleza nyota. Siku ya siku wakashuka jetini wanacheka, wakamkumbatia ami kama rafiki wa zamani, wakamkumbusha mzaha wa juzi. Ami alitabasamu kwa adabu. Kiingereza chake ni cha bandarini: upepo, maji, kaa hapa, inama, tanga linageuka. Mzaha hakuujua.

Niliwaona nyuso zikibadilika. Safari ilikwenda vizuri, samaki akachomwa, hakuna aliyegomba, lakini walikaa mbele ya jahazi wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, na ami akakaa nyuma na usukani wake. Waliporudi mama yule aliniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyekuwa akiwaandikia. Walilipa, wakashukuru, wakaondoka. Ami alisema neno moja tu: wamekuja kumtafuta mtu ambaye hayupo.

Nahodha aliyetazamiwa ni msemaji, mcheshi, mwenye falsafa. Nahodha aliyepo hasemi sana, lakini akitazama maji anakuambia kuna mwamba wapi. Huyo wa pili ndiye anayekurudisha nyumbani salama, na sisi tulikuwa tumemficha nyuma ya yule wa kwanza.

Tiba ya kwanza tuliyojaribu: ami ajifunze sentensi za wasifu kwa moyo na kuzisema mbele ya kamera. Alionekana kama mateka anayesomewa masharti. Tulifuta.

Tiba iliyoshika: ujumbe wa sauti. Mgeni akiuliza, swali namtafsiria ami, yeye anajibu kwa sauti yake, kwa Kiamu au kwa Kiingereza chake kilekile, sekunde kumi na tano, mawimbi yakisikika nyuma. Chini yake mimi naandika tafsiri na kutia sahihi: "Tafsiri ya mpwa wa nahodha." Wasifu mpya una mistari minne: jina la jahazi, amesafiri maji gani, anachukua watu wangapi, na kwamba anazungumza Kiswahili na Kiingereza kidogo, mpwa wake husaidia kuandika. Wageni waliokuja baada ya hapo walishuka jetini wakiijua sauti yake. Mmoja alimtambua kwa kusikia tu akimwita baharia wake.

Gharama: tangazo la kulipia la ule wasifu wa mababu, 3,000, limepotea. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye fulana, 2,500, kinafanya kazi hadi leo. Nunua kile chenye manyoya ya kukinga upepo. Kisicho nayo hakifai baharini.

30 Agosti: Kalafati, na tatizo la "rudia"

Kabla ya msimu jahazi hulazwa ufukoni maji yakipwa, ubavu mmoja baada ya mwingine, likatiwa pamba mpya kwenye nyufa za mbao (ndiyo kalafati) na deheni, mafuta ya kukinga mbao, chini. Nilirekodi ami akifanya kazi: anasokota pamba kwenye paja, anailaza kwenye ufa, anaisukuma kwa chembeu na nyundo, tok tok tok, sauti ikibadilika pamba inapokaza. Alikuwa amevaa kikoi na jezi ya Arsenal iliyopauka. Hakuniangalia hata mara moja. Niliiweka klipu bila muziki.

Waliotazama hawakuwa wengi. Klipu ya machweo niliyoiweka wiki iliyotangulia, na wimbo juu yake, iliiacha mbali sana. Tofauti ilikuwa katika ujumbe: machweo yalileta mioyo na picha za vidole gumba, kalafati ikaleta maswali. Jahazi lina umri gani? Deheni inakaa muda gani? Mbao za wapi? Mtu anayeuliza deheni inakaa muda gani anafikiria kupanda.

Basi nikaona nimepata. Kesho yake nikarudi na simu, lakini jua lilikuwa baya, nikamwomba ami arudie ufa uleule. Akarudia. Nikaomba tena, kutoka upande wa pili. Mafundi wawili waliokuwa wakitengeneza mashua jirani wakaacha kazi kututazama. Ami akasimamisha nyundo: "Pamba imengia zamani. Nagonga nini tena mbele ya watu?"

Wakacheka, na haki yao. Kazi ya kweli iliyorudiwa kwa ajili ya kamera ni maigizo kama maigizo mengine, tena mabaya zaidi kwa kuwa yamevaa nguo za kazi. Na jambo hili linaingia polepole. Mara ya kwanza unarekodi kilichopo, mara ya pili unakisubiri, mara ya tatu unakiomba. Nimeona kurasa za mafundi wa nakshi ambao kibao kimoja kimechongwa mbele ya kamera msimu mzima.

Kanuni tuliyoiandika: hakirekodiwi ambacho kisingefanywa simu isipokuwepo, na neno "rudia" ni marufuku. Jua likiwa baya, klipu itakuwa mbaya au haitakuwepo. Klipu zetu nyingi ni mbaya.

Gharama: tripodi ndogo 1,200, imeshaanza kutu. Mfuko wa kukinga simu na maji, 800.

20 Septemba: Mji nao una simu

Maulidi yamejaza mji, ndugu kutoka Mombasa na bara wamekuja, na kila mtu amefungua ukurasa wa ami. Tuliyoyasikia wiki hii hayakutoka kwa mgeni hata mmoja.

Kwanza, maneno "nahodha bora kabisa Lamu". Niliyaweka chini ya picha moja, kama kila mtu anavyoweka. Wenzake wakaanza kumwamkia hivyo jetini: nahodha bora kabisa, shikamoo. Ami hakukasirika, aliona haya. Katika kazi hii ubora unasemwa na wengine, tena mwenyewe akiwa hayupo. Anayejisemea mwenyewe anachekwa, na pepo zote zinamsikia. Nikayafuta maneno hayo kila mahali. Mahali pake tumeweka vitu vya kawaida: ni safari gani amefanya, na ni nani aliyemfunza kazi.

Pili, picha za wageni wakiwa na nguo za kuogelea sitahani. Kwa mgeni ni picha ya likizo. Kwa jirani anayemwona ami msikitini alfajiri ni mambo mengine. Nahodha ni mmoja, watazamaji ni wawili, na hawaangalii kwa jicho moja. Zimetoka.

Tatu ni ushauri wa wale wanaofundisha kujitangaza, nilioufuata kwenye video nyingi: onyesha familia, onyesha machozi, onyesha udhaifu, watu wapende ubinadamu wako. Nikamuuliza ami kama naweza kumrekodi nyumbani, na bibi yangu akisimulia. Jibu lilikuwa hapana kabla sijamaliza.

Nimelifikiria hilo hapana kwa siku kadhaa, kwa sababu niliambiwa bila hayo ukurasa utakuwa wa uongo. Sioni hivyo tena. Nyumba ya Kiamu ina daka mlangoni, na wageni wa kupita hukaa hapo, huletewa kahawa, huzungumza mpaka wakachoka. Hakuna anayesema mwenye nyumba ni mnafiki kwa kuwa hakuwapitisha hadi ndani. Ukurasa ni daka. Kinachosemwa pale kiwe kweli, na cha ndani kibaki ndani. Sitara na ukweli havijawahi kugombana mjini hapa. Vinagombanishwa na watu wanaouza mafunzo.

Orodha ya ami ya visivyorekodiwa: nyumba, wanawake wa nyumbani, watoto, sala, ugonjwa, na dua ya mvua ya watu wa Shela kule Takwa, kwenye magofu ya Manda. Hakuna mjadala.

4 Oktoba: Mashine iliyofutwa

Picha yetu nzuri kuliko zote: jahazi limefungua tanga zima mkondoni, maji ya kijani, Manda nyuma. Kasoro mbili kwa macho yangu: mashine ya kusukumia iliyofungwa tezini, na dumu la petroli la manjano. Simu yangu ina kifaa cha kufuta vitu, kinajaza maji pale palipokuwa na kitu. Nikafuta vyote viwili.

Nilipoiweka, ikatokea lebo ya akili mnemba. Instagram ilianza kubandika lebo hizo mwaka 2024 kwa kusoma alama zinazoachwa ndani ya faili na vifaa vya kuhariri. Wapiga picha walilalamika kwamba hata picha iliyoguswa kidogo inabandikwa, na Julai mwaka huo maneno ya lebo yakabadilishwa. Yetu haikuonewa. Mtu mmoja aliandika chini ya picha swali fupi: jahazi hili lipo?

Hilo lilitosha kuifanya ishuke, lakini kulikuwa na la zaidi. Wageni waliokuja kwa picha hiyo walitarajia tanga tupu. Upepo ulipokufa karibu na Manda, ami akawasha mashine, nao wakanuna: waliambiwa kimya, wakapewa kelele. Mmoja aliandika maoni ya nyota tatu. Ami hakuelewa kosa liko wapi. Mashine ile ameikusanyia fedha misimu na misimu. Ndiyo inayomrudisha mama mwenye mtoto kabla ya giza, inayomvuta mvuvi aliyekwama, na akiiosha kwa maji matamu kila jioni utadhani anamwosha farasi. Mimi niliifuta kwa kidole.

Hapa ndipo nilipoona uhalisi unaoombwa na wageni ni wa aina gani. Wanataka nahodha wa zamani. Hoteli moja ilishapendekeza avae kanzu na kofia ya kushona kwa mkono anapoongoza jahazi, ili picha ziwe za Kiswahili. Kanzu anayo, tena nzuri, anaivaa Ijumaa. Atakayepanda mlingoti na kanzu simjui. Jezi ya Arsenal ni ya kweli kuliko kanzu ile, na mashine ni ya Lamu ya leo kama tanga lilivyo.

Tulichofanya: picha mpya yenye mashine na dumu, na maelezo ya sentensi mbili. Tunasafiri kwa tanga upepo ukiwepo, upepo ukifa au maji yakitugeukia tunawasha mashine. Waliotaka tanga tupu wengine wametukimbia, sitasema hatukupoteza kitu. Lakini familia zenye watoto na wazee zimeanza kuuliza kwa sababu ya mashine hiyohiyo, na tangu hapo hakuna aliyenuna katikati ya mkondo.

8 Novemba: Maji na upepo, picha za watu

Ujumbe wa sauti ulizaa jambo ambalo sikulipanga. Kila Ijumaa baada ya alasiri ami anasema maji ya wiki ijayo: bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), upepo unatoka wapi, siku gani Takwa inaingilika. Takwa, mji wa magofu ulioko Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko. Jahazi huingia maji yakiwa yamejaa, na ukichelewa ndani unakaa na mbu mpaka yajae tena. Katika ujumbe mmoja alisema wazi: wiki hii maji mafu, Takwa msije kwa jahazi langu wala la mwingine, njooni wiki ijayo. Tulirudisha wageni wawili kwa hilo. Wote wawili walihamisha tarehe.

Kabla ya hapo maelezo yetu ya Takwa yalikuwa ya kuokota: maharamia, hazina, mizimu. Sasa ami anasema anachokijua. Mji ulihamwa, watu wake wakavukia Shela, msikiti una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kuna kaburi la mnara ambalo watu bado wanaliheshimu, kwa hiyo vua viatu ukiambiwa.

La kuchekesha ni kwamba wafuasi wapya wengi ni wavuvi wa hapahapa na wa Kizingitini, kisiwani Pate, wanasikiliza maji. Hawatapanda jahazi hata siku moja. Wanamsahihisha pia akikosea saa ya kujaa, hadharani, na ami anawajibu. Mgeni anayesoma mabishano hayo anamwamini zaidi kuliko anavyoliamini tangazo lolote, ingawa hatukuyapanga na siwezi kukuambia uyapange vipi.

Kuhusu picha za wageni: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 si ya makampuni makubwa tu. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Faini kama hiyo inauza jahazi na mashine juu yake. Utaratibu wetu: ridhaa huombwa baada ya safari, wakiwa wameshuka na kukauka, kwa ujumbe wa WhatsApp wenye picha yenyewe, ili jibu libaki kwenye maandishi. Baharini mgeni atasema ndiyo kwa lolote. Watoto hatuweki, hata mzazi akikubali.

6 Desemba: Maoni

Kwa ufupi. Tumeletewa mtu anayeuza maoni ya nyota tano kwa jumla, 150 kila moja. Tumemkataa. Pia hatutoi punguzo kwa anayeandika maoni mazuri. Mwisho wa safari ami anawaambia waandike walichokiona. Ile nyota tatu ya mashine tumeiacha na kuijibu chini yake, na nimegundua wageni huisoma hiyo kwanza.

17 Januari 2026: Hesabu hadi sasa

Kaskazi linavuma, jahazi linatoka karibu kila siku ya upepo mzuri. Wafuasi ni 640 hivi, nusu yao wavuvi. Takriban theluthi ya safari za msimu huu zimekuja moja kwa moja, zilizobaki bado ni za madalali, na ami hataki tuwaache: ndio wanaomletea mtu siku ambayo simu imelala.

Fedha: vifaa 4,500, tangazo lililopotea 3,000, bando 1,000 kwa mwezi, tundu la kuchajia lililoliwa na chumvi 1,800 kutengenezwa. Kuhusu tundu hilo: usichaji simu iliyotoka baharini usiku huohuo, iache ikauke kwanza, na tumia kizibo cha mpira cha shilingi 50.

Kazi iliyobaki ni utegemezi wake kwangu. Nikisafiri, tafsiri hazipo na mgeni anabaki na sauti asiyoielewa. Baharia wake mdogo ana Kiingereza cha shule, ameanza kuandika tafsiri kwa jina lake mwenyewe na sahihi yake. Zake ni fupi kuliko zangu na zina makosa ya tahajia, ami amekataa nizisahihishe. Mwezi wa Ramadhani unaingia mwezi ujao, safari za mchana zitapungua, ila ujumbe wa maji wa Ijumaa utaendelea kwa ajili ya wavuvi. Nitaongeza hapa kusi likirudi.